Shusha Hapo!

Mimi ni mtu wa Sakina, Arusha. Kifodi, daladala yetu, nakidandia hata kikiwa kinatembea, begi mkononi na chenji mdomoni. Nilijua aliyeweza kupata siti stendi ya Kilombero saa kumi na mbili jioni hatishwi na usafiri wowote duniani. Basi mpwa wangu akanialika London.

Maelekezo yake: "Mjomba, ukitoka Heathrow panda laini ya Piccadilly, shuka Leicester Square, hapo shika ya Northern mpaka Colindale. Rahisi tu." Rahisi!

Akanitumia na ramani ya treni zao za chini ya ardhi. Nikadhani kakosea, kanitumia mchoro wa waya wa fundi umeme. Kumbe sikukosea sana: aliyeibuni mwaka 1931, Harry Beck, alikuwa amezoea michoro ya umeme. Yeye alitaka mistari inyooke. Umbali utajua mwenyewe. Vituo vyao 272 vimepangwa kama shanga za Kimasai, huwezi kujua kama kinachofuata ni hapo mlangoni au ni Tengeru.

Nikapanda. Kimya! Nikamsalimia mzee wa mbele yangu, akainua gazeti likamfunika uso. Kwetu ukitoka Kilombero, kabla hujafika Mianzini umeshajua jirani yako anadaiwa na nani na shamba la baba yao limeuzwaje.

Nikakaza masikio nisikie "Leichesita". Mama wa kwenye spika akataja "Lesta". Nikasema hiyo si yetu, wacha watu washuke. Milango inafungwa ndiyo naona kibao ukutani: Leicester Square! Nikagonga ubavu wa treni kwa kiganja: "Shusha hapo! Suka, kuna mtu!" Ndipo kwa mara ya kwanza behewa zima likaniangalia. Hata yule mzee alishusha gazeti.

Nikashuka kilichofuata, Covent Garden. Lifti ina foleni, nikaona ngazi, nikasema mimi mtoto wa mlimani, ngazi kitu gani. Ngazi 193, ndugu zangu! Zinazunguka kama kizibuo cha chupa, na begani nina maharage na unga wa dona ambao dada aliapa mwanawe hawezi kuishi bila hivyo. Nilipofika ya mia nikaanza kumsema dada kwa sauti.

Juu nikamuuliza kijana mmoja, akaninyooshea kidole: Leicester Square ile pale. Haifiki mita 300! Konda wa Arusha ukimwomba lifti ya mita 300 anakuuliza kama unaumwa mguu.

Halafu kadi ya nauli. Unaigusisha ukiingia, unaigusisha ukitoka. Ukisahau kuaga unakatwa nauli ya juu kabisa. Konda wetu akishashika hela yake, hata ukiruka dirishani ni shauri lako.

Nikaipata Northern. Jina lake ni Kaskazini, lakini kituo cha kusini kuliko vyote, Morden, kiko kwenye laini hiyohiyo. Ni sawa na kifodi kiandikwe Ngaramtoni kikakushushe Usa River. Na haikutosha: ikifika Camden Town inagawanyika, nyingine Edgware, nyingine High Barnet. Hapo ndipo penye kazi ya konda, anakuangalia usoni na begi lako anakwambia, "Mzee, hii haiendi kwenu, shuka." Mle ndani hakuna wa kukwambia. Nikakaa na dona yangu mpaka treni ikaisha watu.

Simu ikalia. "Shikamoo mjomba, uko wapi?"

"Marahaba. Niko mwisho wa gari."

"Mwisho gani?"

Nikamsomea kibao herufi kwa herufi. Akanyamaza, nikasikia anapumua.

"Mjomba, usipande kitu chochote. Kaa hapohapo, nakuja."

Nikakaa kwenye benchi. Jamaa mmoja akaja akaketi pembeni, nikamwambia habari za leo. Akahama benchi.