Simba Kwenye Harusi ya Kaka

Mpiga video wa harusi ya kaka, pale Mwanga mjini Kigoma, miaka ya 1990, alipewa hela ya mkanda mpya. Akaja na mkanda wa filamu ya Kimarekani. Ujanja wenyewe wa VHS, zile kanda za video za zamani, mnaujua: kanda za filamu huvunjwa kile kimeno cha plastiki ubavuni ili usirekodi juu yake, lakini ukiziba tundu kwa selotepu, deki inakubali tu. Ile selotepu niliiona, imekunjamana, ina alama ya dole gumba.

Wakwe wakaja kutoka Ujiji kuitazama harusi ya binti yao. Mama mkwe kajitanda khanga, kakaa upande ili asitazamane na kaka. Baba akatoa neno fupi la kuwakaribisha, likachukua nusu saa. "Haya mwanangu, washa."

Nikawasha. Akatokea simba.

Yule wa MGM, kampuni ya filamu ya Marekani, kichwa ndani ya duara la utepe wa filamu, alikuwa kazini tangu 1957. Sisi watoto wa mabanda ya video nembo hizo tulizipigia makofi, yeye na yule farasi mwenye mabawa wa TriStar. Ila si mbele ya wakwe. Fundi hakuurudisha mkanda hadi mwanzo kabla ya kurekodi, na baba alishafungulia sauti yote ili taarabu isikike kwa majirani. Simba akanguruma, chai ya baba mkwe ikaishia kwenye kanzu. Zikapita chenga, bibi harusi akaingia anatabasamu.

"Huyu mnyama ni wa upande wenu?" akauliza baba mkwe.

"Ni urembo tu, mkwe," shangazi akadakia. "Harusi kubwa zote siku hizi wanamweka."

(Baadaye nilisoma kwamba mngurumo ule uliundwa upya 1982 kwa sauti za chui milia. Kumbe hata simba alikuwa anaimba pleibeki!)

Tukaenda vizuri mpaka kwenye keki. Kaka kafungua kinywa alishwe, chenga, mara mzungu anaruka dirishani, vioo vinamwagika. Harusi imeisha, filamu inaendelea. Baba akanikonyeza nizime.

"Mwacheni," akasema mama mkwe, neno lake la kwanza tangu aingie. "Tuone anaangukia wapi."

Muda si mrefu baba mkwe alikuwa anamwonya jamaa kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Mama mkwe kasogea hadi bega kwa bega na kaka, heshima imewekwa kando. Jamaa kaning'inia ukingoni mwa ghorofa kwa vidole, umeme ukakatika. Kigoma siku hizo haikuwa kwenye gridi ya taifa. Jenereta likizima, limezima.

Wakwe wakagoma kuondoka. Mama akawasha kandili, akaongeza migebuka jikoni.

Saa nne usiku mama mkwe bado anakodolea kioo cheusi. "Jamani," akasema, "mtoto wa watu bado kaning'inia tu?"