Nilivyombembeleza bibi wa watu Delhi

Enzi nasoma Delhi nilipanga chumba juu ya nyumba ya familia moja, na vijana wawili wa Kanpur niliokuwa nashea nao jiko walikuwa wanajiandaa na intavyuu ya kol senta, basi wakaniteua mimi Mtanzania niwe ticha wao wa Kiingereza. Yaani mimi! Nikakubali, maana chapati walikuwa wanapika wao.

Siku hiyo tukakutana na coax. Kwetu hilo ni bembeleza, limeisha. Nikawaeleza, mtoto kanuna hataki kula, unamsemesha taratibu, unamchekea, mpaka mwenyewe anaachama. Wakadakia "Aaah, manana!" Nikasema hilohilo. Kumbe manana kwa Kihindi lina kazi mbili, kumbembeleza aliyenuna na pia kusherehekea, iwe sikukuu au bethidei. Mmoja akatunga sentensi yake, mwandiko umenyooka kabisa: kila mwaka nyumbani kwetu tunaicoax Diwali, yaani ile sikukuu yao ya taa. Nikaikodolea macho, nikawa namuona Diwali kanuna kwenye kona na taa zake, ukoo mzima umemzunguka, njoo basi ule hata ladu moja.

Nikafungua dikshenari kutafuta neno lisilo na sherehe ndani, nikapata phuslana. Wale jamaa wakatazamana, wakacheka kidogo, wakasema ndiyo ndiyo lipo. Washenzi. Hawakuniambia kwamba phuslana ni kubembeleza kwa hila, kule kwa kumrubuni binti wa watu atoroke kwao. (Na coax lenyewe halijatulia, Waingereza wa karne ya 16 walikuwa na neno cokes, yaani mjinga, na kukucoax ilikuwa kukufanya mjinga, ila utetezi huo nimekuja kuupata nikiwa nimeshaumbuka.)

Jioni nikashuka kuomba chumvi nikakuta bibi mwenye nyumba kagomea vidonge vya presha, mkwe wake kasema wee mpaka kachoka. Nikakaa na Dadi ji, yaani bibi kwa heshima, ndivyo wote tulivyomwita, nikampigia stori za bibi yangu wa Tanga kwa Kihindi changu cha kuokoteza, nikamwonyesha kipande cha sukari guru, kidonge hicho kikapita. Mara mtoto wa kiume wa Dadi ji karudi kazini, baba mmoja serious ana masharubu, akauliza mama kanywa dawa? Nikasimama nikajibu kwa sauti na kifua mbele, "Maine Dadi ji ko phusla liya!"

Kimya. Mkwe kaziba mdomo na ncha ya sari. Huko ngazini nawasikia wanafunzi wangu wanapiga ukuta kwa kucheka. Bibi, ambaye masikio yameshachoka, akauliza huyu kasema nini, mjukuu akamrudishia kwa kupayuka mpaka majirani wa ng'ambo wakapata taarifa: anasema amekurubuni, Dadi!

Bibi akajifuta sukari guru mdomoni, akamtazama mwanawe, akasema ni kweli, na kesho aje tena.