Tumeisifu Betri Vya Kutosha, Sasa Tuulize Inveta Inapozwaje

Mazungumzo kuhusu gari la umeme huanzia kwenye betri na mara nyingi huishia hapo hapo. Mimi huanza na inveta.

Inveta hupokea umeme wa betri, unaokwenda upande mmoja, ikaukatakata maelfu ya mara kwa sekunde mpaka mota ipate umeme unaogeukageuka. Kazi hiyo ina gharama. Inveta ikipitisha kilowati 150 na kupoteza asilimia 3 tu, kilowati 4.5 zinageuka joto. Ni moto wa birika mbili za umeme, umebanwa kwenye chipu chache ambazo kila moja ni kama ukucha. Na chipu ya silikoni kwa kawaida haitakiwi kuvuka nyuzi 150 hadi 175 za Selsiasi.

Wengi hudhani dawa yake ni rejeta kubwa na pampu yenye nguvu. Sikubaliani nao. Maji yanaweza kuwa baridi na chipu ikaungua, kwa sababu joto linakwama njiani. Kabla ya kuyafikia maji linapita lehemu, shaba, kigae cha kuzuia umeme, shaba tena, kisha grisi. Hiyo grisi, hata ikipakwa nyembamba kama karatasi, hupitisha joto kwa shida mara mia moja au zaidi kuliko shaba. Ndiyo maana napenda moduli, yaani vifurushi vinavyobeba chipu hizo, zilizoiondoa grisi kabisa, ambazo bamba lake lina vijiti vya chuma vinavyosimama ndani ya maji yenyewe. Lexus LS 600h ya mwaka 2007, gari la petroli na umeme, ilipita njia nyingine: chipu zake zilipozwa pande zote mbili.

Lakini adui mkubwa ni kupanda na kushuka kwa joto. Unakanyaga, chipu inachemka, unaachia, inapoa. Alumini hutanuka karibu mara 9 ya silikoni, na nyaya nyingi zilizogandishwa juu ya chipu ni za alumini. Tazama kwa lenzi moduli iliyokufa kwa uchovu huo: waya umebanduka mguuni, lehemu chini yake ina nyufa. Huenda haikuwahi kuvuka kiwango chake cha joto hata siku moja. Ilichoka.

Kabidi ya silikoni, malighafi ya chipu inayochukua nafasi ya silikoni ya kawaida, iliyoingia kwenye Tesla Model 3 mwaka 2017, hupoteza umeme kidogo zaidi, na nafurahi imekuja. Ila chipu zake ni ndogo, kwa hiyo joto limesongamana vile vile.

Basi matangazo yanapotupigia kelele za nguvu ya sekunde chache, naona tunanyimwa habari muhimu. Kanuni namba 85 ya Umoja wa Mataifa tayari inapima nguvu ambayo mfumo wa umeme unaweza kuihimili kwa dakika 30. Namba hiyo nataka iandikwe kwa herufi kubwa, kando ya ile ya kilomita za betri.