Shemeji Alinipungia Mkono, Nami Nikampungia

Mnisamehe nikiandika kwa hasira, vidole bado vinanuka siki. Leo saa nane mchana pale Pier Head, Liverpool, mbele ya sanamu za wale vijana wanne wa bendi yao ya Beatles na mbele ya watalii wenye kamera, shakwe amenipora samaki. Sio kudonoa, kupora. Kaja kwa nyuma kama kibaka wa Kariakoo anayejua simu umeweka mfuko gani, kabeba samaki mzima, mi nimebaki na boksi na uma wa mti mkononi kama mtu anayesubiri kuhojiwa na waandishi. Mama mmoja wa benchi la pili hata hakushtuka, akaniambia tu taratibu, "Usingeupa mto mgongo, love." Kumbe kuna namna ya kukaa, na kosa ni langu.

Nikanunua nyingine. Bei sisemi, mama anasoma hizi. Hiyo ya pili nimeila nimesimama, mgongo ukutani, macho juu kama mlinzi wa benki, nikaimaliza yote kwa hasira mpaka vile vipande vilivyoungua, na hili la kuimaliza yote mlikumbuke.

Sasa nianze. Mwenzenu nimetoka Leicester kuja kumsalimia dada yangu aliyeolewa huku na mtu wa hukuhuku. Nilivyosema tu kwenye grupu la familia kwamba naenda Liverpool, hakuna hata mmoja aliyeuliza dada anaendeleaje. Jezi. Binamu jezi, mjomba jezi, jamaa niliyesoma naye darasa la nne ambaye mara ya mwisho tuliongea ilikuwa mchango wa harusi yake, na ndoa yenyewe ilishavunjika, naye jezi, tena na namba ya mgongoni. Mnajua jezi original inauzwa shingapi? Hamjui, ndo maana mnaagiza kama mnaagiza vitumbua.

Halafu upepo. Wa Dar tunasema kusi, kusi, kusi gani, njooni muone upepo unaotoka huu mto Mersey. Mwavuli niliununua stesheni ya Lime Street, dakika kumi baadaye umegeuka bakuli, nikawa nakinga mvua badala ya kujikinga. Nikasema hapana, mimi muungwana, ngoja nijibanze kanisani mpaka ipungue, nikaliona kanisa zuri la mawe lina mnara kabisa juu ya kilima cha barabara ya Bold, nikaingia nikakung'uta jaketi, nikatafuta pa kukaa, mbona bado nalowa? Naangalia juu, mawingu. Kanisa halina paa! Lilipigwa bomu la Mjerumani mwezi Mei 1941 wakaamua waliache hivyohivyo liwe kumbukumbu. Sawa, kumbukumbu nimeipata, iko kwenye soksi mpaka sasa hivi.

Kutembea mji wenyewe sio shida sana, mabasi yapo, na wakati wa kushuka kila mtu anamshukuru dereva kwa sauti, hata vibaka watoto wa shule wenye kofia mpaka puani, asante dereva. Nikafikiria yule konda wetu wa Mbagala ukimwambia asante atakuuliza unamkejeli au vipi. Shida ni lugha. Mimi Kiingereza nimekisoma, nina cheti, nimehojiwa na uhamiaji kwa Kiingereza nikapita. Cha hawa watu wa Liverpool kimenishinda saa moja ya kwanza, mpaka nilipogundua siri yao: wana kh! Ile kh yetu ya Khamis na Khadija, wao wanaiweka mwishoni pale penye k. Kitabu ni buukh, mgongo ni bakh. Nikamsikia dereva wa basi anamwelekeza mama mmoja, nikasema huyu kama si mtu wa Lamu basi kasoma chuo Lamu. Nikafarijika, na hapo ndipo nilipoanza kujiamini kuliko inavyotakiwa.

Dada anakaa ng'ambo ya mto, Wallasey. Shemeji kaniandikia ujumbe: njoo kwetu kwa chai, saa kumi na moja. Mi na shemeji hatujawahi kuonana uso kwa uso, harusi yao niliiangalia kwenye simu na bando likakatika kwenye pete. Akasema panda treni, treni inapita chini ya mto, dakika chache tu ushafika. Nikamjibu kwa heshima kwamba shemeji, mimi mtoto wa Kigamboni. Nimezaliwa nikivuka. Siwezi kufika penye maji yana pantoni nikaenda kupita chini yake kama panya. Nitakuja na feri. Akaandika, sawa, basi shuka Seacombe, nitakuwa gatini na gari.

Kumbe feri ya mchana ni ya matembezi, dakika 50 inawazungusha watu mtoni huku spika inaeleza historia, ile ya watu wa kazini ina saa zake za asubuhi na jioni. Tiketi yenyewe bei ya kitalii. Kigamboni navuka kwa mia mbili na naweza kuvuka na mbuzi. Lakini nishajigamba, nitarudi nyuma vipi? Nikakata. Nikapanda juu kabisa, nikashika chuma, upepo unanipiga makofi, nikaangalia mjini kama mkoloni anayeondoka.

Na mandhari yapo, nisiwe mchoyo. Lile jengo la Royal Liver la 1911 lina ndege wawili wa shaba juu, mmoja anaangalia mto mwingine anaangalia mji, wenyeji wanasema siku wakiruka mji umekwisha. Mi ningekuwa mmoja wao kwa upepo ule ningesharuka nikatua Muscat. Chini ya ndege kuna saa, uso wake mita 7.6 kukata katikati, mkubwa kuliko wa Big Ben, yaani ukichelewa Liverpool huna cha kujitetea, saa yenyewe inakukodolea macho mpaka katikati ya maji.

Basi nimesimama hapo na heshima zangu, akaja mzee mmoja, miaka sabini na ushee, akanitazama jaketi, akaniuliza swali moja tu. "Red or blue?"

Nikajua ananiuliza rangi. Jaketi langu la bluu, mtumba, nimelinunua Leicester kwa sababu lilikuwa la mwisho na lina zipu nzima. Nikamwambia, "Blue." Jamani. Yule mzee akanikumbatia. Akanishika mkono hauachii, macho yamemjaa maji, upepo au mapenzi sijui, akaniambia sasa kijana, umekuja na timu sahihi, kaa nikueleze. Kumbe ni Simba na Yanga. Wekundu ni Liverpool, bluu ni Everton, na mimi kwa jaketi la mtumba nimeshasajiliwa.

Nikataka kujitoa kiungwana. Lakini akaanza kunihadithia walivyohama, na hapo ndipo aliponipata, kwa sababu hakuanza na mpira, kaanza na kodi.

Ni hivi. Anfield, ile Anfield mnayoiimbia nyie na majezi yenu, alikuwa anacheza Everton. Ndiyo. Everton walikuwa wapangaji. Mwenye nyumba ni tajiri mmoja wa kiwanda cha bia, John Houlding, ambaye wakati huohuo ni kigogo wa klabu hiyohiyo, yaani anajidai kodi kwa mkono wa kulia anajilipa kwa wa kushoto. Timu inafanya vizuri, inaelekea kuchukua ubingwa wa ligi 1891, mwenye nyumba anaona aah, wapangaji wangu siku hizi wana hela, kodi iliyokuwa pauni 100 kwa mwaka ikapanda mpaka 250. Bila kupaka rangi!

Hilo la rangi sio la mzee, nimeongeza mimi. Maana hapo mi nishasahau mto, nishasahau dada, nimemkumbuka mwenye nyumba wangu wa Leicester aliyenitumia ujumbe mwezi uliopita, ameanza na natumaini uko salama, ukiona mwenye nyumba anakuombea usalama jua limekuja, kodi inapanda kuanzia mwezi ujao kwa sababu ya gharama za maisha. Za nani? Gharama za maisha ya nani? Kwani mi naishi bure? Bomba la jikoni linadondosha tangu Ramadhani, nimemtumia video, kaniwekea kidole gumba. Na kabla yake kule Temeke nilimlipa mama mwenye nyumba miezi sita mbele taslimu, mwezi wa tatu kaja kuniambia mwanawe anaoa anataka chumba. Nikamshika yule mzee bega nikamuuliza kwa uchungu kabisa, "Wakafanyaje? Walilipa?"

Mzee akanyamaza kidogo anipe nafasi, akasema, "Wakahama."

Wakahama! Mwaka 1892 wakakusanya vitu vyao, wakavuka bustani ya Stanley Park, wakajenga kwao upande wa pili, Goodison Park, karibu kiasi kwamba mwenye nyumba akifungua dirisha anasikia kelele. Yeye kabaki na kiwanja kitupu. Uwanja mzima, majukwaa, nyasi, hana hata mtu mmoja wa kumdai. Akafanyaje? Akaanzisha timu yake. Ndo hao Liverpool! Mnasikia nyie wa jezi? Timu yenu ilizaliwa kwa sababu mwenye nyumba alikosa mpangaji.

Nikapiga kelele. Ndugu zangu, mtu mzima mimi, nimepiga kelele juu ya feri, watalii wa Kijapani wakageuza kamera kwangu. Mzee akapiga kelele na yeye. Akanionyesha kwa mkono kule bandarini kiwanja chao kipya, kiko hapohapo kwenye gati la zamani la Bramley-Moore, wamehamia 2025 baada ya miaka 133 pale Goodison, timu ya wanawake ndo imeachiwa pa zamani. Nikamuuliza, "Pa kwenu wenyewe hapa? Sio pa kupanga?" Nia yangu ilikuwa kujua mkataba.

Katikati ya hayo feri ilisimama mahali. Spika ilisema jambo, kh nyingi, mi nikakamata neno moja tu, thank you. Kwenye gati alikuwepo mzungu mmoja mnene kavaa kofia ya sufi, ananipungia mkono. Nikamwambia mzee watu wa huku mna upendo, nikampungia na mimi. Akapunga mikono miwili. Nikapunga miwili. Akaanza kurukaruka na kuonyesha saa yake, nikasema huyu naye ni wa bluu, nikamwonyesha jaketi. Feri ikang'oa nanga taratibu, yule mzungu anazidi kuwa mdogo, bado anapunga, nami nampungia mpaka mwisho kama rais anayepanda ndege.

Ndiyo. Ndo yeye.

Nimeshtuka tumegonga gati, najiandaa kushuka ng'ambo, naona zile sanamu za vijana wanne. Naona benchi langu. Naona shakwe. Mzee kanipa mkono kaondoka zake, mi nimevuka mto mzima na nimerudi palepale nilipoibiwa, na ile saa ya mita 7.6 juu inasema kumi kasoro.

Basi nikapanda treni kama panya. Na treni nayo! Ukipandia James Street haivuki kwanza, inakuzungusha chini ya mji, Moorfields, Lime Street, Central, yaani nimepitishwa tena pale niliponunua mwavuli, ndipo inatumbukia chini ya mto. Hiyo njia ya chini ya mto iko toka 1886, nayo ni dakika chache kama alivyosema shemeji, ambaye nilimkuta stesheni ya Hamilton Square kaegemea gari, hasemi kitu, ananipungia tu mkono taratibu.

Mnadhani yameisha? Chai. Nimejiandaa na kikombe kimoja na labda andazi, maana tumboni kuna samaki mzima na chipsi za hasira. Huku "tea" ni chakula cha usiku! Meza imejaa. Shemeji kapika mwenyewe scouse, mchuzi ule uliowapa jina watu wa mji huu, nyama, viazi, karoti, vitunguu, vimechemka mpaka vimesahau vilikuwa nani, kama mtori uliokosa ndizi, na pembeni kabichi nyekundu ya siki. Sahani yangu kajaza kama ya mchimba kisima. Dada ananikazia macho yale ya nyumbani ya kula usituaibishe. Nikaomba pilipili. Shemeji akaniletea ya unga, ya kopo, ina picha ya mbwa mwitu, haiwashi hata jicho. Nikala. Nikaongezwa. Nikala.

Kwa kutafuta mazungumzo nikamwambia shemeji, unajua leo nimeamua mi ni wa Everton. Kijiko cha mtoto kikadondoka. Hapo ndo nikaona bibu ya mtoto nyekundu, kikombe chekundu, pazia jekundu. Shemeji kasema polepole kwamba sofa iko sebuleni na blanketi liko kabatini, na radiator, kile chuma cha kupashia nyumba joto, huwa inajizima yenyewe saa nne.

Sasa ni saa tano. Soksi ziko juu ya radiator, zimepoa zote mbili. Dada naye, nimemsikia jikoni anaongea na simu, kamwambia mtu "I'll ring you bakh," binti wa Temeke huyo. Na mama kaandika kwenye grupu, kaka yako kasema jezi sio L tena, XL, kanenepa.