Siki, Magadi na Mtaalamu wa Mtaa

Chungu cha maua elfu kumi na tano! Cha udongo, hata sahani yake hakina, hapo hapo sokoni Mwanga, hapa Kigoma. Ukiomba upunguziwe unaulizwa umekuja kununua au kusalimia. Haya. Mwananchi mwenye heshima zake anakunja mikono ya shati, anazunguka nyuma ya nyumba kwenye lundo la vyungu vya zamani vilivyoota ukoko mweupe, na kuvitangazia rasmi kwamba likizo imekwisha.

Kwani kuna ubaya? Meli ya Liemba ilizamishwa humu Ziwa Tanganyika mwaka 1916, injini Wajerumani wenyewe wameshazipaka grisi. Ikaopolewa 1924, na 1927 ikarudi kubeba watu na mizigo. Chuma kimelala miaka chini ya maji! Halafu chungu kilichokaa misimu miwili nyuma ya choo mnasema kitupwe.

Weupe ule si ukungu, jamani, acheni kuukimbia. Udongo uliochomwa unavuja jasho: maji yanapenya ukutani, jua linayakausha, chumvi ya maji na ya mbolea inabaki nje. Ni ndugu wa ule ukoko wa ndani ya birika. Kiache chungu kikauke kabisa, udongo wa ndani ubanduke kwa kijiti. Ukisugua kingali kibichi unapaka tope tu. Halafu beseni: kikombe kimoja cha siki kwa vikombe vitatu vya maji, chungu kizame, nusu saa hadi saa nzima. Vipovu vidogo vikitoka, asidi inakula. Vikiisha na ukoko bado upo, siki imechoka, ongeza. Sugua kwa dodoki au brashi ya kufulia. Waya wa sufuria hapana, unachimba mikwaruzo, na humo ndimo uchafu mpya utakapojishikiza. Siki hakuna? Kata ndimu, usugulie kwa upande wa nyama.

Sasa hapo, mikono imo beseni, kiuno kimegoma, ndipo anapotokea mtaalamu wa mtaa. Kila mtaa unaye. Hapigi hodi. Anasimama juu yako, mikono nyuma, kama mkaguzi wa barabara.

“Mjomba, unateseka bure. Mimina magadi humo humo.”

Hujajibu, kashamimina. Povu linapanda, linafurika, linakufikia vidole vya miguu. Yeye anachekelea kama mwenye harusi. “Unaiona kazi hiyo?”

Kazi gani? Siki ni asidi, magadi yanaipinga asidi. Vikikutana vinamalizana vyenyewe. Povu lote lile ni gesi inayoaga, na kinachobaki ni maji ya chumvichumvi yasiyoweza kung'arisha hata kijiko. Siki ya kununua hiyo! Magadi yana zamu yake, baada ya siki kusuuzwa: vijiko vitatu kwa kijiko kimoja cha maji, uji mzito, unapakwa kwenye doa la kijani, dakika ishirini, unasugua. Kwa zamu! Unamweleza taratibu, kwa adabu zote. Anatikisa kichwa kuwa ameelewa.

“Sawa sawa, mjomba. Basi tuongeze kidogo tu.”

Kabla hujamjibu kanyakua chungu kingine, kile cha saruji, kakimiminia siki ambayo haijaona tone la maji. Kikachemka mwili mzima. “Ona uchafu ulivyojaa humu!”

Uchafu gani, baba? Ni chungu chenyewe kinaliwa! Saruji ina chokaa, na asidi haichagui chokaa ya doa na chokaa ya ukuta. Suuza uone: kimekwaruka kama mkate wa juzi, kinadondosha mchanga. Cha saruji ni sabuni, maji na brashi, basi. Kimya. Unadhani kaelewa. Kumbe anaangaza macho ukutani, kaiona ile chupa ya klorini ya kufulia.

“Na hii je, tukichanganya?”

Hapo heshima ikaisha. Weka chini! Weka chini hiyo chupa! Klorini na siki zikikutana zinatoa hewa ya sumu, mtu anachomeka kifua. Nenda nyumbani kwako, kachanganye maharage na mchele!

Tuendelee. Suuza, kisha loweka maji matupu usiku mzima, uyabadilishe mara moja. Kama mmea wa kwanza ulikufa kwa kuoza, siki peke yake usiiamini, chemsha. Ila chungu kiingie kwenye maji ya baridi, moto uwe wa pole, kitokote nusu saa, kipoe humo humo. Ukimwagia chungu cha baridi maji yanayochemka, utasikia “tak” moja, na elfu kumi na tano imekwenda. Cha plastiki usikichemshe, kitakukunjia uso.

Kikikauka, kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele, kizima. Kikijibu kwa sauti ya kikohozi, kina ufa, ukiuona usiuone. Siku ya kupanda kiloweke tena kidogo, maana udongo mkavu unanyonya maji ya mche kabla mche haujayaonja.

Na madumu ya mawese mnayokata mkapanda maua, harufu inafika Ujiji! Konzi mbili za majivu yaliyochekechwa, maji ya moto yasiyotokota, mchanga kidogo, funika, tikisa, liache hadi asubuhi. Majivu yanageuza mafuta kuwa kitu kama sabuni. Ukilisuuza na maji bado yanajikusanya matone matone ukutani, mafuta yangali yamo, rudia. Mashimo matano chini, kwa msumari wa moto. Na mswaki wa kusugulia pembe uwe wa zamani kweli. Nyumba nyingine zimenuniana siku tatu kwa ajili ya mswaki, tena mwenyewe aliuacha juu ya ndoo bila…

Nyamazeni kidogo. Bomba limekohoa. Linatoka! Leteni ndoo, leteni beseni, leteni hata hicho chungu… hapana, hicho kina tundu!