Nipimie Kwanza

Kuna maneno ya mafundi ambayo siku hizi nikiyasikia damu hunipanda: "Hizi nozeli zimekufa, mzee. Zote." Zimekufa! Nani aliyezipima? Hakuna. Fundi amefungua boneti, ameegemeza sikio kwenye mpini wa bisibisi, ametikisa kichwa, na hukumu imeshatoka.

Juzi hukumu hiyo imemwangukia ami yangu. Ana Hiace boksi ya dizeli, ile ya 3.0 yenye injini ya 1KD, anapiga nayo njia ya Likoni na Ukunda. Ikawa asubuhi gari likiwa baridi linagonga, linatoa moshi mweupe, linatetemeka steji hadi abiria wanatazamana. Akalipeleka gereji moja ambayo siitaji jina maana nataka kulala kwangu kwa amani. Bisibisi, sikio, kichwa. Kufika jioni ameshauziwa injekta nne, ndizo hizo nozeli zinazopulizia injini dizeli, za "ex-Japan" zilizofungwa nailoni vizuri, amelipa pesa ambazo nyumbani zilikuwa zimetengewa karo, na alfajiri ya pili yake gari likagonga vilevile. Moshi ni uleule. Tena sasa lanywa dizeli kuliko zamani.

Nikaenda kumwona.

"Ami, walikupa karatasi ya vipimo?"

"Karatasi gani?"

"Hizi mpya walizisajili kwenye kompyuta ya gari?"

"Mwanangu, wao walifunga tu, wakawasha, wakaniambia twende. Kompyuta ya nini tena?"

"Na zile zako za zamani ziko wapi?"

"Walisema ni chuma chakavu. Wakabaki nazo."

Nilitafuta pa kukaa.

Hebu tuelewane. Sisemi injekta hazifi. Zinakufa, na hizi gari zetu zimechoka. Toyota waliiondoa 3.0 kwenye Hiace za soko la Japani mwishoni mwa 2017 wakaingiza 2.8, na kwa sheria yetu ya gari lisizidi miaka minane, hizo 3.0 haziingii tena bandarini kwa njia ya kawaida. Zilizopo ndizo hizo, na kila mwaka zazeeka. Kwa hiyo huenda zile za ami zilikuwa zimekufa kweli. Huenda moja tu ndiyo iliyokuwa mbovu. Huenda zote zilikuwa na afya kunishinda mimi. Hatutajua kamwe, kwa sababu hakuna aliyezipima na sasa hazipo! Na mimi nina wasiwasi wangu kuhusu zilipo. Nadhani zimeoshwa, zimefungwa nailoni, ziko rafuni zikimsubiri mwenye gari mwingine aambiwe zimetoka Japani. Wala si uongo mkubwa, maana kweli zilitoka Japani. Zilikuja zimefungwa kwenye gari la ami.

Watu wa Mombasa, sisi hatudanganyiki kirahisi. Mtu akienda kununua nyama robo kilo, shingo anairefusha kuutazama mshale wa mizani, na mfupa ukizidi anagomba mpaka mtaa mzima usikie. Mtu huyohuyo analipia injekta nne kwa sikio la mwenzake.

Na kifaa chenyewe si cha kukisiwa. Wazee waliozoea 5L, ile dizeli ya Toyota ya zamani, walikuwa na haki ya kusikiliza. Ile pampu ilikuwa ya mitambo mitupu, nozeli yafunguka kwenye shinikizo la baa 150 hivi, ukilegeza paipu moja baada ya nyingine injini inabadilisha mlio, unajua mgonjwa ni nani. Ilikuwa njia halali, na waliokuwa wakiifanya walikuwa mabingwa. Hii ya komoni reli, ambapo injekta zote zalishwa na bomba moja lenye shinikizo, ni mambo mengine. Ndani ya reli dizeli hufika baa 1,600 na kupita, wakati tairi la matatu halifiki hata baa tano. Paipu hiyo ukiilegeza injini inanguruma, dizeli inaweza kukupasua ngozi na kuingia mwilini, na huko ni kupelekwa kwenye kisu haraka. Ndani ya injekta, nafasi kati ya chuma na chuma ni mikroni chache tu, na unywele wako una mikroni 70 hivi. Injini ikiunguruma tu bila mzigo, kila mzunguko inapuliza milimita chache za ujazo, tena si kwa mpigo mmoja: kidogo kwanza ili moto uanze taratibu, kisha mpigo wenyewe. Kile kidogo cha kwanza kikikosekana, gari lagonga. Sasa niambie, sikio gani hilo la kusikia milimita moja ya ujazo?

Ndiyo maana kila injekta hutoka kiwandani na msimbo wake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu ulioandikwa juu yake. Hakuna mbili zilizotoka sawasawa, kwa hiyo kiwanda kinapima kila moja, kinaandika tofauti yake, na kompyuta ya gari inataka iambiwe: namba moja ni huyu, namba mbili ni huyu. Ukibadilisha usiiambie, itaendelea kuwagawia wageni chakula kwa vipimo vya wenyeji waliohama. Gari litawaka, naam. Litakwenda Ukunda na kurudi. Na litakunywa, litagonga, na wewe utaambiwa "zoea kwanza, bado ngeni".

Kupima si uchawi. Unaunganisha skana, unaacha injini ipate moto, iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, unasoma kompyuta inamwongezea nani mafuta na inampunguzia nani. Kwenye hizi Toyota, silinda ikikaa kati ya kutoa milimita tatu za ujazo na kujumlisha tatu, mwache. Ikipita hapo, mshuku, lakini usimhukumu bado, kwa maana silinda yenye kompresheni ndogo, isiyobana hewa vizuri, nayo huomba kuongezewa hata kama injekta yake ni nzima. Basi unapima kompresheni. Unakinga mafuta yanayorudi kwenye chupa na kuona kama yanarudi kupita kiasi, kwa sababu injekta iliyolika ndani huyarudisha tangini badala ya kuyapuliza, na hapo ndipo gari linakataa kuwaka asubuhi. Unatazama kivalvu cha pampu kinachopima dizeli inayoingia, ambacho nacho hufa na kusingizia wengine. Unabadilisha filta, jamani, filta! Baada ya yote hayo ndipo unazitoa injekta na kuzipeleka kwenye benchi, mashine ya kuzipimia, zipulizwe kwa mzigo mkubwa, kwa mzigo mdogo, kwa ule mpigo wa kwanza, karatasi itoke imechapishwa. Zinazofaa zirudi garini. Zisizofaa tuzungumze.

Ya ami yalikuwa nini? Kijana mmoja upande wa Magongo ndiye aliyefungua kava. Kwenye 1KD pale injekta zinapokalia ni chini ya kava, hupaoni kwa nje, na hilo ndilo balaa lake. Kuzunguka injekta namba tatu kulikuwa na masizi meusi mazito yaliyoganda kama lami. Washa ya shaba, kile kipete kinachokaa chini ya injekta, ilikuwa inavuja, moshi wa moto wa silinda unapanda juu badala ya kubaki kazini. Washa! Kipande cha shaba ambacho bei yake haifiki hata nauli za safari moja ya gari lile likijaa.

Na hapa ndipo naomba mnisamehe nipandishe sauti. Ile gereji ya kwanza walizitoa injekta zote nne, wakayaona masizi hayo kwa macho yao, maana haiwezekani usiyaone, wakaweka injekta nyingine na KUZIRUDISHA WASHA ZILEZILE. Wamezipiga msasa. Washa ile kazi yake ni kuminywa mara moja, ijae kila pengo la pale inapokaa, basi. Ukiitoa imekwisha. Hata ukiing'arisha hadi ujione sura, haiminyiki tena. Kiti cha injekta chenyewe hakikusafishwa. Wamemuuzia mtu vitu vya maelfu na kumnyima kitu cha mia.

Wanaodhani ni moshi tu, sikilizeni, maana hili ndilo linaloua hizi injini na watu wanasema "Toyota ya siku hizi mbovu". Masizi yale hayaishii pale juu. Kwa kuwa yako chini ya kava, yanaingia kwenye oili. Oili inakuwa nzito na nyeusi, mabonge yanashuka sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, yanaziba kichujio ambacho pampu ya oili hunyonyea. Pampu inavuta, haipati. Taa ya oili inamulika kidogo kwenye kona kisha inazima, dereva anasema ni waya. Tabo inakauka. Beringi za krenki zinakauka. Siku moja, si ajabu ikawa pale kwenye mteremko wa kuingilia feri umejaza watu, injini inashika. Na fundi yuleyule wa bisibisi atakuja na kusema, "Mzee, hii injini imekufa. Nakutafutia ya ex-Japan."

Kijana wa Magongo alishusha sampu akaonyesha kichujio. Nusu kilikuwa kimeziba. Ami alikitazama muda mrefu halafu akaomba maji.

Sasa watakuja wale wa "mafuta ndiyo tatizo". Ni kweli kiasi. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na injekta, ukiichanganya na mafuta ya taa unazikausha. Lakini tangu serikali iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mnamo Septemba 2018, faida ya mchezo huo ilipungua sana. Ukinunua ya mtungi iliyofyonzwa kwenye lori njia ya Nairobi, hapo sina la kukusaidia. Maji kwenye tangi nayo yapo, na kwa unyevu wa pwani yetu usiache tangi tupu usiku na umwage maji ya filta kabla taa yake haijawaka. Basi. Hayo hayamfanyi fundi asipime. Yanamfanya apime zaidi.

Na kuhusu kununua mpya au kutengeneza zilezile, mimi ni wa kutengeneza, wacha wanaotaka wanicheke. Injekta iliyofunguliwa kwenye chumba kisafi, ikabadilishwa nozeli na kivalvu kwa vifaa vya maana, ikapimwa kwenye benchi na kupewa msimbo wake mpya, naiamini kuliko hiyo ya nailoni isiyojulikana ilikimbia kilomita ngapi Osaka. Gari zima likitoka Japani, KEBS, shirika letu la viwango, wanataka likaguliwe kabla ya kupakiwa. Injekta ya kwenye nailoni, nani amekuonyesha kipimo chake? Lakini kutengeneza bila benchi, yule wa kufungua kando ya barabara, akaisukutua kwa petroli na kuipiga upepo wa kompresa, huyo namtilia mashaka kuliko hata wa nailoni. Nozeli inayodondosha badala ya kupuliza hutoboa pistoni. Hapo huyo wa kubahatisha atakuwa amekuokolea shilingi ngapi?

Sitaki kuwaonea mafundi, ingawa leo ningependa. Benchi ni ghali, na aliyeinunua ana deni. Tena sisi wenye gari ndio tuliowafundisha. Fundi akisema "kupima ni elfu kadhaa", tunaruka: "Kupima tu? Hujafanya kazi bado!" Tunataka kulipia kitu cha kushika mkononi. Akili yake na mashine yake tunataka bure, kisha tunashangaa anapotafuta riziki yake ndani ya bei ya injekta. Fundi anayelipwa tu anapouza spea, atauza spea. Mimi nikiwa yeye ningeuza pia, na Mungu anisamehe. Ami mwenyewe, baada ya yote hayo, kijana wa Magongo alipomtajia gharama ya kupima, nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Nipunguzie bwana, hukutumia kitu."

Hukutumia kitu!

Kwa hiyo naomba hivi, na naiomba kwa wenye gereji. Andika bei ya kupima ukutani kwa rangi, herufi kubwa, kando ya ile "hakuna mkopo leo". Skana kiasi gani, kompresheni kiasi gani, benchi kwa kila injekta kiasi gani. Iwe ni kazi kamili, nikilipa nipewe karatasi yangu na injekta zangu, niende nitakako, hata kwa mshindani wako. Zikitoka nzima, usinione kama nimekukosesha chakula, maana chakula chako nimeshakulipa. Na vitu vyangu vya zamani nirudishiwe mkononi, hata kama ni chakavu. Chakavu ni changu.

Mwenye gereji ya namna hiyo aniandikie hapo chini yuko wapi: Changamwe, Jomvu, Bamburi, popote. Nitamletea wateja, na wa kwanza ni ami, kwa sababu hizo nne za nailoni bado hazijapimwa na mimi siziamini hata moja. Wa Likoni mtapewa kipaumbele. Kuvusha gari kwa feri jioni sina nguvu nako tena.