DNA baada ya hukumu: swali ni "nani", na kielelezo kiko wapi

Chukua mfano huu, wa kutunga lakini usio mgeni kwa yeyote anayefuatilia mahakama zetu za Nyanda za Juu Kusini. Mwanamume wa Mbarali amehukumiwa miaka 30 kwa kumpa mimba mwanafunzi. Amekana tangu siku ya kwanza. Rufaa yake Mahakama Kuu Mbeya imetupwa, na ile ya Mahakama ya Rufani imetupwa vilevile. Mtoto aliyezaliwa sasa yuko darasa la tatu. Ubishi wote unaweza kumalizwa na kipimo cha DNA, yaani vinasaba, kwa vijiti vitatu vya pamba vilivyofutwa ndani ya shavu: cha mtoto, cha mama yake na cha mfungwa. Je, mfungwa apewe nafasi hiyo, au mashauri yakiisha yameisha?

Wanaosema yameisha wana kanuni mkononi. Rufaa inapokuwa bado hai, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zote zina uwezo wa kupokea ushahidi wa ziada zikiona sababu ya kutosha. Hukumu ya Mahakama ya Rufani ikishasomwa, kinachobaki ni marejeo, yaani kuiomba mahakama hiyo ipitie upya hukumu yake, chini ya Kanuni ya 66 ya Kanuni zake, na maombi yake hupelekwa ndani ya siku 60. Sababu zinazokubalika ni tano: kosa lililo wazi kwenye kumbukumbu na kusababisha haki kupotea, kunyimwa nafasi ya kusikilizwa, hukumu kuwa batili, mahakama kukosa mamlaka, na hukumu kupatikana kwa njia haramu, udanganyifu au ushahidi wa uongo. Ushahidi mpya haumo. Zaidi ya hapo kuna msamaha wa Rais chini ya Ibara ya 45 ya Katiba. Lakini msamaha humtoa mtu gerezani bila mahakama yoyote kutamka kwamba hakutenda kosa.

Sheria haikubana hivyo kwa ukatili. Binti aliyesimama kizimbani akiwa na miaka 15, akarudia mbele ya watu wazima mambo ambayo hata kumwambia mama yake yalimshinda, ana haki ya kuambiwa siku moja kwamba imekwisha. Kumfuata akiwa na miaka 25, labda ameolewa Makambako na mumewe hajui historia yake, ukamwomba mate yake na ya mwanawe, ni kumfungulia kidonda. Na mtoto naye ni mtu. Siku atakapouliza kwa nini walimfuta shavuni, mtu mzima mmoja atalazimika kumjibu.

Hoja hizo ni nzito na hatuzipuuzi. Hata hivyo tunaamini mlango uwepo, uwe mwembamba, na upana wake upimwe kwa swali moja: je, jibu la maabara linagusa kile kilichomtia mtu hatiani?

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, mawakili wakiwemo. Katika shtaka la kumpa mimba mwanafunzi, ambalo adhabu yake ya miaka 30 iliingia kwenye Sheria ya Elimu mwaka 2016, ubaba ndio kosa lenyewe. Kipimo kikisema mfungwa si baba, nguzo ya shtaka imeanguka. Katika shtaka la kubaka hali ni nyingine. Sheria inatosheka na kuingiliwa hata kidogo, mimba si sharti, na Mahakama ya Rufani imeshikilia tangu 2006 kwamba ushahidi bora wa kubakwa ni wa mwathirika mwenyewe. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa si baba wa mtoto na bado akawa alibaka. Aliyefungwa kwa kubaka akileta cheti cha "si baba", mahakama haina budi kurudi kwenye maelezo ya binti. Kama alisema hakuwahi kulala na mwanamume mwingine, cheti kinatikisa uaminifu wake. Kama hakuulizwa hilo kabisa, cheti kinabaki karatasi tu. Na pale ambapo ubishi ni umri wa binti, au mtuhumiwa anakubali tendo na kubishia ridhaa, DNA haina la kusema. Maombi ya aina hiyo yakataliwe mapema, maabara isipotezewe muda.

Maabara nayo ina mitego yake. Mtoto hurithi kwa baba nusu ya alama zake, yaani sehemu za vinasaba ambazo maabara hulinganisha, lakini alama moja ikipishana haitoshi kumtoa mtu kwenye ubaba, kwa sababu mabadiliko ya kawaida ya vinasaba hutokea kama mara moja au mbili katika kila urithi 1,000 wa alama moja. Desturi ya maabara nyingi ni kutaka alama zisizolingana zifike angalau tatu. Mtego wa pili ni ndugu. Kama mjomba au kaka wa mfungwa anaishi boma hilohilo, mpimaji lazima aambiwe mapema, maana ndugu wa damu hushiriki alama nyingi. Kipimo cha kromosomu Y, ile ambayo baba humrithisha mwanawe wa kiume, ndicho hatari zaidi hapo: baba, wana wake, kaka zake na baba zake wadogo wote huwa na Y ileile, isipokuwa mabadiliko machache. Katika kitongoji cha Rungwe ambacho nusu ya nyumba ni za ukoo mmoja, jibu la Y "linalingana" halimtaji mtu. Likisema "halilingani", ndipo lina nguvu.

Mtoto akiwepo, kielelezo kinatembea chenyewe. Asipokuwepo, kila kitu kinategemea stoo ya vielelezo, na huko ndiko tunakoogopa zaidi kuliko kwenye Kanuni ya 66.

Nguo ya ndani yenye doa huchukuliwa ikiwa na unyevu, ikatiwa kwenye mfuko wa nailoni na kufungwa fundo. Kwa msimu wetu wa mvua, Novemba hadi Aprili, ukungu haukawii. Bakteria hula vinasaba, vipande vinakatika, na mpimaji anapata alama chache tu kati ya 20 na zaidi anazozitafuta. Baridi ya Mbeya husaidia, unyevu wa Tukuyu huharibu. Njia sahihi haina gharama kubwa: nguo ikaushwe kivulini, kila kipande kiwe peke yake kwenye bahasha ya kaki, lakiri iwekwe na kusainiwa, na kila mkono kilikopita uandikwe tarehe na saa. Pamba ya ukeni ichukuliwe ndani ya saa 72, ianikwe, kisha igandishwe. Mpimaji hahitaji kingi: nanogramu moja, yaani vinasaba vya takriban seli 150, inatosha. Hata seli za mwanamke zikiwa nyingi kuliko mbegu za kiume, maabara huzipasua kwanza zile za mwanamke, kisha hutumia dawa kali zaidi kufungua ganda gumu la mbegu. Lakini kitu kilichooza hakina cha kufunguliwa.

Tena kesi ikiisha, mahakama inaweza kuamuru kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe au kiteketezwe. Stoo ni ndogo, vitu ni vingi, na karani anayetaka nafasi hana kosa. Ndiyo maana haki ya kupima bila amri ya kutunza ni maneno matupu.

Uingereza ilijifunza hilo kwa aibu. Andrew Malkinson alihukumiwa mwaka 2004 kwa ubakaji na kukaa gerezani miaka 17. Vinasaba vya mwanamume mwingine vilionekana kwenye fulana ya mwathirika tangu 2007, lakini tume inayochunguza hukumu zenye mashaka ilikataa kumpelekea shauri mahakamani mwaka 2012. Nguo zenyewe polisi walikuwa wameshaziharibu. Alisafishwa Julai 2023 kwa sababu sampuli zilizokatwa kwenye nguo hizo zilikuwa bado zimehifadhiwa kwenye ghala la maabara. Marekani nayo ina mfano wa upande wa pili: Roger Coleman aliuawa kwa kiti cha umeme Virginia mwaka 1992 akidai hana hatia, watu wengi wakamwamini, na kipimo cha 2006 kikathibitisha kwamba vinasaba ni vyake. Kwa hiyo anayesema kipimo kinawabeba wafungwa amekosea. Kinabeba ukweli wa nani alikuwepo, basi.

Kabla sheria haijabadilika, kuna mambo ya kufanya leo. Wakili au mshtakiwa anayebishia "nani" aombe kipimo kabla ya kufunga utetezi, na ombi liandikwe kwenye mwenendo wa kesi hata likikataliwa, kwa kuwa Mahakama Kuu husoma kilichoandikwa. Rufaa ikiwa hai, ombi la ushahidi wa ziada liende humohumo, lisisubiri marejeo. Notisi ya nia ya kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu ni siku 10 na sababu za rufaa siku 45, na ni ndani ya siku hizo mahakama iombwe kuzuia uteketezaji wa vielelezo. Mkemia wa Serikali naye, ofisi ya Kanda ikiwa hapahapa Mbeya, aombwe kwa barua asitumie pamba yote: nusu ipimwe, nusu ibaki kwenye friza na namba ya kesi juu yake.